Fremu ya begi la diski: jenga mwenyewe, na usiishone na begi

Wiki hii siandiki juu ya hifadhidata wala simu mpya. Naandika juu ya paipu za PVC, kamba, na begi la kubebea diski. Waliokuja kutafuta msimbo wavumilie kidogo, maana hata msimbo tutaugusa kabla hatujaachana.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kalamu yake. Anayecheza gofu ya diski, hasa aliye mbali na nchi zinakotengenezwa vifaa vya mchezo huo, aijenge fremu ya begi lake mwenyewe. Aijenge kwa vitu vinavyouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi pale mtaani. Tena fremu hiyo iwe kitu cha peke yake, isishonwe ndani ya begi. Mtasema huyu ni bahili tu. Ubahili upo, sikatai, lakini sababu kubwa ni nyingine, na nitaieleza.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa wale ambao hawajawahi kuusikia: gofu ya diski ni gofu kweli, ila badala ya fimbo na mpira unarusha diski ya plastiki, na badala ya shimo unalenga kikapu cha chuma chenye minyororo inayoikamata diski. Anayetajwa kuwa baba wa mchezo huu ni Mmarekani Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa Wham-O, kampuni iliyoifanya Frisbee ijulikane duniani. Uwanja wa kwanza wa kudumu aliupanga katika bustani ya Oak Grove huko California mwaka 1975, na mwaka 1976 kikaanzishwa chama cha PDGA ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia kanuni. Mzee huyo alifariki mwaka 2002, na kwa wasia wake majivu yake yakachanganywa na plastiki ya kutengenezea diski. Mapenzi ya namna hiyo kwa mchezo sijayaona hata kwa mashabiki wetu wa mpira!

Mchezo umekita mizizi Marekani na Ufini. Huku kwetu diski zangu za kwanza zilikuja ndani ya sanduku la binamu yangu aliyekuwa akisoma Marekani. Hatuna vikapu, tunalenga miti na ndoo katika uwanja wa shule moja jirani siku za Jumapili. Si aibu hata kidogo, kwa sababu hata waanzilishi wenyewe walianza kwa kulenga miti na nguzo kabla ya minyororo kubuniwa.

Sasa tuje kwenye hesabu

Mtu asiyecheza huuliza: diski si kitu chepesi, fremu ya nini? Hebu tupige hesabu pamoja.

Kanuni za PDGA haziruhusu diski izidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo chake. Diski ya kwenda mbali yenye kipenyo cha sentimita 21.1 basi haiwezi kuzidi gramu 175 hivi. Mchezaji habebi moja. Kuna za kwenda mbali, za masafa ya kati, na za kumalizia kikapuni, na katika kila kundi kuna zinazokata kushoto, zinazokata kulia na zinazonyooka. Ukibeba 20 tayari una kilo 3.5. Ongeza lita mbili za maji, ambazo ni kilo mbili. Ongeza koti la mvua, taulo, chakula, mwavuli na lile begi lenyewe. Umefika kilo 8 bila kubeba anasa yoyote.

Kilo 8 si nyingi kwa mtu anayepanda matatu mara moja akashuka. Lakini katika gofu ya diski hubebi mara moja. Raundi ya kawaida ina vikapu 18, na mchezaji wa wastani atarusha mara tatu au zaidi kwa kila kikapu. Mara tatu kwa 18 ni 54. Karibu kila mrusho begi linawekwa chini, unachagua diski, unarusha, unaliokota tena, unatembea. Kumbe adui si kilo 8 peke yake. Adui ni kuinama mara hamsini na zaidi ukiwa na kilo 8 mkononi, kisha kuzitundika kwenye bega lile lile unalolitegemea kurushia. Ndiyo maana asubuhi ya Jumatatu unamwona mtu mzima anageuza shingo kama aliyelala vibaya.

Fremu inamaliza shida mbili kwa pamoja: inahamisha uzito kutoka mabegani kwenda kiunoni unapotembea, na inalisimamisha begi kwenye kimo cha mkono unapoliweka chini. Fremu isiyofanya yote mawili ni pambo.

Wazo la kale sana

Mtu akikuambia fremu ya begi ni ubunifu wa kisasa, mkumbushe yule mtu wa barafu aliyegunduliwa mwaka 1991 katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na miongoni mwa mali zake kulikuwa na ufito mrefu uliokunjwa kama herufi U pamoja na vibao vyembamba, vitu ambavyo watafiti wengi wanavisoma kuwa fremu ya kubebea mzigo mgongoni. Mwaka 1924 Mmarekani Lloyd Nelson alipata hataza ya ubao wa kubebea mizigo uliojulikana kama Trapper Nelson. Miaka ya 1970 jeshi la Marekani likawapa askari wake mfumo wa mabegi ulioitwa ALICE, wenye fremu ya paipu za alumini ambayo unaweza kuifungua ukaiacha begi, au ukaliacha begi ukabeba kitu kingine juu ya fremu. Kumbukeni hilo la kufungua, tutalirudia.

Sisi nasi tuna la kusema. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy na wenzake uliowapima akina mama wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na akina mama wa Kikuyu wanaobeba kwa ule mkanda wa kipajini, mukwa. Matokeo yaliwashangaza wengi: mama aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Sisemi turudi kubeba kuni kwa shingo, hapana. Mama zetu wamebeba vya kutosha. Ninachosema ni kwamba kilo si kilo tu. Mahali uzito unapokaa mwilini, na jinsi unavyosafiri na hatua zako, kunabadilisha gharama ya kuubeba. Mama mwenye mukwa alilijua hilo kabla jarida lolote halijachapishwa, na wala hakulipia hataza.

Shida ya fremu za kununua

Haya, mbona usinunue tu? Mabegi ya gofu ya diski yenye kibao cha mgongo na mkanda wa kiuno yapo, na mengine ni mazuri sana. Lakini ukiagiza kutoka ng'ambo unalipa begi, usafiri, ushuru wa forodha, na juu yake VAT ya asilimia 16. Tuseme umelipa, umelipata, unafurahi.

Begi langu la kwanza lilikuwa la namna hiyo, na kampuni iliyolitengeneza sitaitaja. Lilikuwa na kibao cha plastiki kilichoshonewa ndani ya mgongo, na miguu miwili ya waya iliyoingia kwenye kibanio kidogo cha plastiki pale chini. Msimu wa pili kibanio kikakatika. Kitu chenye ukubwa wa kidole gumba! Niliwaandikia kuuliza kama wanauza kibanio peke yake. Jibu lilikuwa la heshima na fupi: hatuuzi sehemu, tunauza begi. Nikampelekea fundi wa mtaani. Akaligeuza, akalitazama, akasema ili afikie kile kibanio itabidi afumue mshono wote wa chini, na akishafumua hawezi kuapa kwamba maji hayataingia.

Fundi yule mkono wake ni hodari, na ujinga wa matumizi haukuwepo. Begi lenyewe lilikuwa zima: kitambaa, zipu, mikanda, vyote vizima. Tatizo ni kwamba aliyelibuni alifunga vitu vitatu vyenye maisha tofauti katika kitu kimoja. Kitambaa kinaishi miaka yake, kibao miaka yake, kibanio miezi yake. Ukivishona pamoja, vyote vinakufa siku anapokufa aliye dhaifu kuliko wote. Wanaprogramu wenzangu, hamjawahi kuona mfumo wa namna hiyo kazini?

Fremu yangu, kwa vipimo

Nachukia maelezo ya ujenzi yanayoonyesha picha tu bila vipimo, kwa hiyo vyangu hivi hapa. Vichukueni, vibadilisheni, havina hataza.

Paipu ni ya PVC ya milimita 25. Wengi hukimbilia ya milimita 20 kwa sababu ni nyepesi. Lakini ugumu wa paipu dhidi ya kupinda hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo ukiwa na unene ule ule wa ukuta, ya 25 ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya 20, huku uzito ukiongezeka kwa robo tu. Hiyo ni biashara nzuri.

Kimo cha fremu usikichukue kwangu, kipime kwenye mwili wako. Simama wima, achia mkono uning'inie, kunja ngumi, pima kutoka ngumi hadi ardhini. Mimi nilipata sentimita 75. Hicho ndicho kimo cha upau wa juu, kwa sababu huo ndio utakaoushika kila unapolichukua begi, na huo ndio utakaokuondolea kuinama mara 54.

Upana ni sentimita 28. Diski ina 21 na kidogo, begi linataka nafasi, na viwiko vyako vinataka kupita unapotembea. Rafu ya kukalia begi inatokeza nyuma kwa sentimita 26. Chini ya rafu kuna miguu ya sentimita 15, ili begi lisikae kwenye tope na umande. Nguzo mbili za mgongo, pau nne za kukatiza (juu, katikati, chini, na nyuma ya rafu), mikono miwili ya rafu, na miguu miwili ya nyuma. Ukijumlisha hutumii zaidi ya mita 3.5 za paipu. Viungo ni tii 8, elbo 4, na vifuniko 4 vya kufunga ncha za miguu. Vyote hivyo fundi bomba yeyote anavyo.

Hapa kuna ubishi wa miguu. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba miguu iwe mitatu. Mafiga ni matatu, akasema, na chungu hakijawahi kumwagika kwa kuyumba. Ni kweli kwamba kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa ya mabonde. Lakini chungu kiko chini na kimepanuka, begi liko juu na ni jembamba. Kitovu cha uzito wa begi langu kiko kama sentimita 37 kutoka ardhini. Kwa miguu mitatu katika vipimo hivi, mgongoni miwili na nyuma mmoja, begi linaanguka ubavu likiinama digrii 9 hivi. Kwa miguu minne linavumilia karibu digrii 20. Ninacheza kwenye mteremko, kwa hiyo nilichagua minne. Kuyumba kidogo naweza kuishi nako. Kuokota diski 20 kwenye nyasi, siwezi.

Jambo la pili ni kamba, na hapa ndipo fremu nyingi za nyumbani zinakufa. Ukitazama fremu yangu kwa ubavuni utaona herufi L: nguzo inasimama, rafu inalala. Kilo 8 zikikaa kwenye rafu, kile kiungo kimoja kwenye kona kinabeba jaribio lote la rafu kutaka kushuka. Mlango wa mbao usio na mshazari huinama pembe moja, kila fundi seremala anajua. Kwa hiyo unafunga kamba kutoka juu ya nguzo hadi mwisho wa rafu, moja kila upande, na unaikaza. Sasa si L tena, ni pembetatu, na pembetatu haiwezi kulala mpaka kitu kikatike. Kamba mbili, bei ya soda, zinabeba kazi ambayo watu wanajaribu kuitatua kwa paipu nene na gundi nyingi. Halafu zinalizuia begi lisichomoke ubavuni, bila malipo ya ziada. Mgongoni nimefunga nyingine mbili kwa alama ya X, ili fremu isiyumbe kushoto na kulia.

Gundi ya PVC nimeitumia kwenye viungo vya mgongo na rafu tu. Miguu sikuipaka gundi, kila mguu umeshikwa na skrubu moja iliyopita ndani ya kiungo, mahali ambapo paipu ziko mbili, moja ndani ya nyingine. Makusudi. Mguu ndio utakaogonga jiwe, kwa hiyo mguu ndio ninaotaka uvunjike, na uvunjike peke yake. Kabla ya kuitoa nje niliipakia kilo 16, mara mbili ya mzigo wake, nikaiacha hivyo usiku kucha. Asubuhi nikapima upya. Haikuwa imebadilika.

Mikanda sikuishona mwenyewe, na sikushauri ushone. Nilipata Gikomba begi la mtumba la kupandia milima, mfuko wake umechanika lakini mikanda ya bega na mkanda wa kiuno ni mizima, na sponji bado ina uhai. Nikampelekea fundi wa kushona nikitaka aizungushe mikanda moja kwa moja kwenye paipu. Akanitazama juu ya miwani yake. "Kijana," akasema, "ukishona kwa paipu, kila nikirekebisha itabidi nikate. Nikushonee mfuko wa kuvaa paipu, na mkanda ushonwe kwa mfuko. Ukitaka kutoa, unavua kama soksi."

"Sawa mzee, fanya hivyo," nikamwambia, nikilipa kwa M-Pesa huku nacheka peke yangu. Mzee yule ambaye hajawahi kufungua kitabu cha programu alikuwa amenieleza kiolesura ni nini kwa lugha bora kuliko mhadhara wowote niliowahi kuukalia chuoni.

Paipu zetu na paipu zao

Nilisema tutaugusa msimbo. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika dokezo fupi akitaka programu ziunganishwe kama mpira wa kumwagilia bustani: unafunga kipande kingine pale unapokihitaji. Mwaka 1973 Ken Thompson akaliingiza wazo hilo ndani ya Unix, na jina lake likawa paipu. Mpaka leo, ukiwa kwenye Linux, alama moja ya mstari wima inachukua matokeo ya programu hii na kuyamwaga ndani ya ile. Aliyeandika ya kwanza hamjui aliyeandika ya pili. Wamekubaliana juu ya umbo la kiungo tu, na hapo inatosha.

Paipu ya milimita 25 ndiyo ile ile. Kiwanda kilichotengeneza elbo yangu hakijui kwamba kuna mchezo unaoitwa gofu ya diski. Fundi wa mikanda hajui elbo ilitoka wapi. Begi ninalobeba leo si lile nililoanza nalo, na fremu haikujali. Katika Kiswahili cha kompyuta tunaita kiunzi ule msingi unaojengea programu zako juu yake, na kiunzi kizuri ni kile unachoweza kukitoa bila kubomoa nyumba. Vivyo hivyo kwa fremu ya begi. Ndiyo maana nikasema mkumbuke ile ya ALICE inayofunguka.

Linalonigusa hasa ni hili: nani ana ruhusa ya kukitengeneza kitu kikiharibika? Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuwapa wateja haki ya kutengenezewa bidhaa kama mashine za kufulia na simu. Ni hatua nzuri, nawapongeza. Lakini mabegi hayamo humo, na hata yangekuwemo, kiwanda kilicho maelfu ya kilomita hakitanifungulia karakana mtaani kwetu. Huku sisi tuna kitu ambacho wao wanajaribu kukirudisha kwa sheria: fundi. Kamukunji, Kariobangi, kila mtaa una mtu anayeweza kukata, kuchomelea, kushona na kuunga. Mtu huyo hafaidiki na kibanio cha siri kilichoshonewa ndani. Anafaidika na elbo, tii, skrubu na kamba. Kila tunaponunua kitu kisichofunguka tunamwondoa yeye kwenye hesabu, halafu tunalalamika kwamba vijana hawana kazi.

Majibu kwa wabishi

Najua mtasema nini. Wa kwanza atasema PVC ni nzito. Kweli, fremu yangu ina zaidi ya kilo moja, na ya alumini ingekuwa nyepesi. Lakini ukikubali kwamba uzito ukikaa kiunoni unachosha kidogo kuliko ukining'inia begani, kilo hiyo inajilipa kabla ya kikapu cha tano. Mwenye fundi wa alumini karibu naye atumie alumini, sitamgombeza, alimradi iwe na bolti na si kitu cha kubuniwa upya kila kipande.

Wa pili atasema jua huiharibu PVC. Kweli tena. Ikikaa juani miaka inakuwa ngumu na kuvunjika kama biskuti. Ipake rangi nyeupe au ya kijivu, ihifadhi kivulini. Na siku mguu ukivunjika, mguu mpya ni sentimita 15 za paipu.

Wa tatu, huyu ni mwanaprogramu mwenzangu bila shaka, atasema muda wangu una thamani, saa nilizokaa na msumeno ningeziuza nikanunua begi mbili. Huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu hesabu yake ni sahihi kwa siku ya kwanza. Haiwi sahihi siku kitu kinapovunjika. Aliyenunua anaanza upya: aagize, alipe, asubiri. Aliyejenga anajua kila kiungo kiko wapi na kwa nini kiko pale, na anarudi uwanjani Jumapili hiyo hiyo. Mwajiri anayenunua mfumo uliofungwa hupiga hesabu ile ile ya siku ya kwanza, na sisi ndio tunaoitwa usiku wa manane siku ya mia tatu.

Wa nne atasema haipendezi. Huyo sina jibu lake. Fremu yangu inafanana na kitanda cha hospitali kilichokunjwa. Watoto wa ile shule wameipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Ombi langu

Ukijenga yako, usituonyeshe picha tu. Tupe vipimo, tupe kimo chako, tupe uzito unaobeba, na utuambie ni sehemu gani ilivunjika kwanza na baada ya muda gani. Picha inatufanya tukusifu, vipimo vinatuwezesha kuanzia ulipoishia. Hivyo ndivyo programu huria zilivyokua, na sioni kwa nini fremu ya begi isikue vivyo hivyo. Nina hamu zaidi ya kumsikia aliyejaribu mianzi, maana nadhani ufito wa yule mtu wa barafu ungeweza kuishinda PVC yangu kwa uzito, ila bado sijapata kiungo cha mwanzi ambacho fundi yeyote mtaani anacho. Mwenye nacho aseme hapo chini.

Naomba kuwasilisha.